Ruba Nilimfunga Mimi

Mjukuu wangu Zaina,

Salamu toka Kasongo. Mama yako iko muzima, mpunga umeiva.

Unauliza kama yule Mzungu niliyemtumikia ndiye aliyenifundisha kufunga manyoya kwenye ndoana yafanane na ruba. Uongo! Aliniletea ruba mmoja wa manyoya toka Ulaya, mnene kama kidole, nimfungie wengine wa kuvulia samaki wanaoitwa truti kwenye mito ya baridi ya Kivu.

Nikamwambia, "Bwana, ruba akiogelea anakuwa mwembamba."

"Wewe unajua nini?"

Miaka sita ruba walininyonya miguu kwenye maji ya mashamba ya mpunga! Nikafunga kumi na wawili wembamba, kila mmoja mizunguko tisa ya uzi, nikawajaribu kwenye beseni. Mzungu akaenda nao mtoni, akarudi na samaki tele, akawaambia wageni, mimi nimesimama pale na sinia: "Ruba hawa nimewafunga mwenyewe."

Ruba wako ukishamfunga, mloweshe kwanza, umtazame majini. Wakikuuliza nani alikufundisha, taja jina langu lote.

Babu yako