Mlango wa Kina Haika

Jumatatu, 5 Mei
Wiki ya tatu ya fildi, mazoezi ya chuo. Mvua tangu alfajiri. Nimepanda Old Moshi miguu peku, viatu mkononi. Darasa la Sita, dawati la nyuma, daftari magotini. Chuo kinataka kila mmoja wetu amfuatilie mtoto mmoja: anacheza na nani, anakasirikaje, anaogopa nini. Wangu ni Haika, miaka kumi na miwili. Analala darasani. Mwalimu wa hesabu kamchapa tena leo. Hakulia. Nimeandika "anajitenga". Neno zuri. Halisemi kitu.

Jumatano, 7 Mei
Nimemsindikiza Haika kwao. Hakutaka. Nilidhani anaionea nyumba aibu. Tulipofika akatoa ufunguo kwenye soksi, akafungua kufuli. Ndani bibi yake amekaa sakafuni, amejikojolea. Nikamwamkia shikamoo. Akaniita kwa jina la binti yake, mama yake Haika, aliyekufa zamani. Bibi akili zimemtoka tangu mwaka jana. Wako wawili tu. Mjomba yupo Bomang'ombe, huja sikukuu. Haika anamwogesha, anampikia mtori wa ndizi, anamfungia, anakwenda shule. Usiku bibi hutaka kutoka, basi mtoto halali.
Nimerudi chumbani kwangu Pasua.

Alhamisi, 8 Mei
Nimeongea na Haika nyuma ya madarasa. Nimemwambia kumfungia mtu na kufuli si haki, hata kama unampenda. Na moto ukiwaka? Maneno yote nilikuwa nayo, mengine yametoka moja kwa moja kwenye notisi zangu. Akauliza, "Sasa madamu, nifanyeje?" Nikasema amwombe mama jirani awe anamtazama bibi asubuhi. Nikaahidi kumfuata ofisa ustawi wa jamii. Akaitikia kwa kichwa.
Nimeshuka mlima najiona mtu wa maana.

Ijumaa, 9 Mei
Ofisa ustawi hayupo, yuko semina. Nimeacha barua mezani kwake. Sikupanda shuleni. Sikwenda kwa jirani kuuliza kama amekubali. Nilikuwa na ripoti ya wiki.

Jumatatu, 12 Mei
Bibi amekufa.
Asubuhi Haika hakufunga. Jirani alikuwa amemwambia atapita akishamaliza kukata majani ya ng'ombe. Alipopita, mlango wazi, ndani hamna mtu. Wanawake waliokwenda kuchota maji ndio waliomwona, chini ya korongo, pale mfereji unapopinda. Aliteleza. Matope yalionyesha.
Haika aliitwa kutoka darasani. Akapanga vitabu vyake kwenye begi, kimoja kimoja, akafunga zipu.
Sijamwambia mtu nilichomshauri.

Alhamisi, 15 Mei
Tumemzika kihambani kwao, shamba la ukoo, kati ya migomba. Mvua ilituachia nusu saa. Mjomba alilia sana. Alipomaliza akauliza mbele ya watu wote nani aliuacha mlango wazi. Haika akasema, "Ni mimi."
Nilikuwa hatua nne kutoka alipo. Sikufungua mdomo. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba mtoto alishamchoka bibi yake. Nalo nikaliacha lipite. Nikapokea sahani ya msiba, nikala.
Mimi ni mwoga. Sina neno jingine.

Jumatano, 21 Mei
Msimamizi kutoka chuoni amekuja kunikagua. Mama wa makamo, mpole. Amesoma daftari akasema nina jicho la kuona mambo. Hapo nikashindwa kuvumilia, nikamweleza yote. Akavua miwani. Akasema kitabuni sijakosea. Kosa langu ni kwamba nilimnyang'anya mtoto kufuli na sikuwa na kitu cha kumpa badala yake. Akauliza nimemwambia nani mwingine. Hakuna. "Basi kazi hujaianza," akasema.
Kanipitisha. Heri asingenipitisha.

Jumamosi, 24 Mei
Bomang'ombe. Haika anakaa kwa mjomba sasa. Nilisimama sebuleni nikawaambia mjomba na mkewe: mimi ndiye niliyemwambia asifunge, msimlaumu yeye. "Ondoka kwangu," mjomba akasema, taratibu, kama anayeomba. Mkewe ndiye aliyenionyesha mlango wa uani.

Haika alikuwa anaosha vyombo. Alikuwa amesikia yote kupitia dirisha. Nilichuchumaa kando yake.

Akasugua sufuria hadi ikang'aa. Kisha akasema bila kuniangalia, "Siku ile nilijua jirani atachelewa, madamu. Nilijua. Nilikuwa nimechoka."

Nilitafuta cha kumwambia katika yote niliyosomeshwa miaka miwili. Nikamwambia hata mtu mzima angechoka. Sijui kama alinisikia. Akanisogezea beseni la kusuuzia. Yeye akaosha, mimi nikasuuza, hadi vyombo vikaisha.