Maelezo ya Adolphine M'Birindwa Kuhusu Chupa Ishirini za Maji ya Fedha

Bukavu, komini ya Ibanda. Ijumaa, tarehe 12 Mei 2023, saa 1:40 asubuhi. Mbele ya afisa wa polisi Josué Bahati.

Jina: Adolphine M'Birindwa. Umri: miaka 43. Kazi: fundi wa maabara katika atelier, karakana ya filtre za udongo za kuchujia maji. Makao: Ibanda. Dini: Mkatoliki.

Sikuitwa na mtu. Nimekuja mwenyewe, na ninaomba iandikwe hivyo.

Nina miaka sita katika atelier ya Bwana Christophe Mushagalusa. Pale tunachanganya udongo na unga wa mbao, tunafinyanga vyungu, tunachoma kwenye tanuru. Unga unaungua na kuacha vitundu ambavyo jicho halivioni. Kisha mimi ninapakaa maji ya fedha. Ninasema fedha ile ya pete na misalaba, siyo franga. Ninayeyusha chumvi yake katika maji safi, ninatia maji ya majani yaliyochemshwa, ninapasha moto polepole. Maji meupe yanageuka manjano, halafu kahawia. Hapo fedha imekuwa chembe ndogo sana, zile wanaita nano. Unywele mmoja wa kichwa ni mlima mbele yake. Chembe zinashika kwenye udongo na kuua vijidudu vya maji. Hiyo ndiyo kazi yangu, na ninaijua.

Mnamo Jumanne tarehe 9 Mei, saa 3 asubuhi, nilikuwa na bidon, dumu la litre kumi, niliyoitengeneza siku hiyo. Ilikuwa kali, na chumvi nyingine ilikuwa haijageuka bado. Bwana Christophe aliingia na katoni ya chupa tupu ishirini.

Aliniambia, "Maman Adolphine, weka mu machupa. Batu banaulizaka dawa ya tumbo."

Nikamwambia, "Patron, hii haiko ya kunywa."

"Juu ya nini? Si ndiyo tunapakaa mu filtre, na batu banakunywa maji yake?"

"Mu filtre inabakia mu udongo, na iko kidogo sana. Yenye iko mu bidon inaunguza."

Alicheka. Mimi nilienda kwenye tanuru, kwa sababu vyungu vilikuwa vinatoka. Niliporudi saa 5, bidon ilikuwa tupu na katoni haipo. Nilimwuliza Bwana Christophe, akasema nisijichoshe na mambo ya biashara. Nilimwambia mbele ya wafinyanzi wawili kwamba mtu atakufa. Baada ya hapo nilirudi kazini. Kwa hilo ninajilaumu. Liandike pia.

Jana, Alhamisi tarehe 11, saa 12:30 asubuhi, jirani yangu Monique alibisha mlangoni. Mama yake, Maman Lucie, mwenye miaka sabini, alikuwa anatapika tangu alfajiri. Nilimkuta amelala kwenye mkeka. Midomo yake na vidole vyake vilikuwa vimekuwa vyeusi, kama mtu aliyeshika makaa. Nilijua kabla ya kuona chupa, maana vidole vyangu vilikuwa hivyo mwaka wa kwanza, kabla sijapewa glavu. Chupa ilikuwa chini ya kiti. Imebandikwa karatasi: "Maji ya Fedha, inaponya tumbo, typhoïde na sukari." Alikuwa amekunywa nusu glasi Jumanne jioni, na tena Jumatano asubuhi na jioni.

Maman Lucie alinishika mkono. Akasema, "Nilinunua juu batu balisema ni weye unaitengeneza."

Tulimpeleka hospitali kwa moto, yaani pikipiki, mimi nyuma nikimshika. Nilimwambia daktari kila kitu kilichomo, na kiasi, kutoka kwenye cahier yangu, daftari la vipimo. Daktari anasema ataishi, lakini koo limeungua na bado hawezi kumeza uji.

Saa 5 nilienda kwenye duka ambako Maman Lucie alinunua. Ni duka la mke wa Bwana Christophe. Niliona chupa kumi na mbili kwenye rafu. Mwuzaji alisema nane zimeuzwa. Moja iko hospitali. Basi saba ziko ndani ya nyumba za watu.

Saa 9:30 mchana Bwana Christophe aliniita ofisini. Karatasi ilikuwa imeandikwa tayari, kwamba mimi nilikosea bidon na nikauza kwa siri.

Alisema, "Saini tu. Nitakufukuza kidogo, kiisha nakurudisha."

Nilikataa. Akasema, "Atelier ikifungwa, batu banarudilia maji ya kipindupindu. Utabeba hiyo?"

Hilo si uongo. Nimepakaa filtre zaidi ya mia tisa kwa mkono huu. Wanangu wanakunywa kutoka mojawapo. Jana jioni nilimkuta baba mmoja wa mtaa wetu amesikia habari ya Maman Lucie, anataka kuvunja filtre yake, nikamzuia.

Nilimjibu Bwana Christophe, "Nitabeba yenye iko yangu. Hii iko yako."

Nilipasua karatasi yake. Akaniambia nisirudi kazini.

Umeniuliza, afisa, kama siogopi kujifunga mwenyewe. Andika hivi: maji yale niliyatengeneza mimi, na yalikuwa mazuri kwa kazi yake. Sikuyatia kwenye chupa, sikuyaita dawa. Filtre haina kosa, na asitokee mtu hapa wa kuandika kwamba ina sumu. Cahier yangu ni hii, soma tarehe. Kama ni kufungwa, nifungeni baada ya kupata zile chupa saba.

Haya niliyosema ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi: Adolphine M'Birindwa

Maandishi ya afisa: Maelezo yamefungwa saa 2:55 asubuhi. Shahidi alisaini baada ya kunitaka nifute neno "anadai" mara tatu na kuandika "anasema". Nimepokea cahier moja. Alipoambiwa aende nyumbani kungoja, alikataa. Saa 3:05 ameondoka nasi katika gari la kituo kuelekea dukani. Chupa kumi na mbili zimekamatwa. Kufikia saa 8 mchana, kwa kubisha mlango kwa mlango, shahidi mwenyewe akiwaita watu kwa sauti, zimepatikana sita. Ya saba bado tunaitafuta, naye bado yuko nasi.

J. Bahati