Chini ya nailoni ya Baba

Mama yangu, shikamoo kutoka Makoko.

Leo ziwa limetulia mpaka mtu unasahau kuongea. Nimeegesha ufukweni basi letu dogo lenye vitanda, lile la safari, na nimeibandua ile nailoni ambayo marehemu Baba aliibandika mbele ya basi kukinga rangi. Najua, alikuwaga hataki iguswe. Lakini ilishakuwa ya njano, imepasuka-pasuka kama tope la kiangazi.

Niliogopa itang'oka na rangi. Mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa akanicheka: "Mwagia maji ya moto, halafu vuta polepole. Mimi stika za friji nabanduaga hivyo." Akaniletea birika lake. Nailoni ikaja yote, laini kama utando wa maziwa, na chini yake ile bluu uliyoichagua wewe, mbichi kama imepakwa jana.

Ndipo nikaiona, karibu na taa: alama ya kidole gumba, imezama kwenye rangi. Si ulimwambia Baba asiguse mpaka ikauke? Aligusa, akakuficha mpaka anafariki.

Nimeweka gumba langu pale, likaenea sawasawa.

Kula vizuri, Mama. Jumamosi nakuja Bunda na sato, na basi letu pia, umgombeze Baba wewe mwenyewe hapo kwenye alama yake.

Mwanao, Nyamisi