Nyayo Ndogo Zinaishia Ukingoni

Kinyerezi, Dar es Salaam
Jumanne, 10 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Augustine,

Shikamoo mjomba. Kifua kinaendeleaje na hilo vumbi la mawe? Sie hapa tunapumua. Barua nampa Twalib kwa vile huko machimboni simu haishiki, na lori lake ndo linageuza saa hii.

Mjomba, yale mawe bapa yaliyobaki huko, nakuomba usiyapasue.

Haya mliyoleta tunabandika ukuta wa Mama Bahiya, mwenye duka la vitambaa. Sie tunalimwagiaga jiwe maji kwanza, rangi itoke. Moja nikalimwagia, zikatoka nyayo. Miguu minne, vidole vitano vitano. Marijani, fundi mwenzangu, akatupa ndoo: "Jini huyo! Bandika wewe, huna mke wa kumwacha mjane!"

Fundi Gozbert, bosi wetu, akawasha grinda alisawazishe. Khulud, binti wa Mama Bahiya, akamzuia, akapiga picha akamtumia mwalimu wake wa chuo. Mwalimu kapiga simu mbio mbio. Kasema ni mnyama wa zamani mno, watu hawajakuwepo. Alipita kwenye tope, tope likawa jiwe. Mkia haujaburuza, tumbo halijagusa, kwa hiyo alitembea kajiinua. Hata alipoanza kukimbia panajulikana, hatua zinaachana.

Ila pembeni kuna nyayo ndogo, mjomba, kama za paka. Zinaifuata ile kubwa. Kubwa inapokimbia, ndogo zinafika ukingoni mwa jiwe, basi. Mwalimu hakusema ni mama na mtoto. Mie ndo nasema. Jiwe ambalo nyayo zinaendelea liko huko kwako.

Na yale yenye vinundu mnayoyapondaga kokoto kwa vile mafundi tunayakataa, mwalimu anasema vinundu vingine ni nyayo hizo hizo, tope la juu lilijaa ndani ya nyayo likaganda. Hayo nayo yaache.

Gozbert kanipa muda mpaka lori lirudi. Likija bila jiwe la pili, anapiga grinda. Mama Bahiya kakubali, anataka ukuta wake uishe. Gozbert kanambia, "We Brightson, umelilalia jiwe kama kuku, kalitotolee kwenu!" Wote wakacheka. Nimelikalia tu, naandikia hapa hapa, na yeye anapita pita ananitazama.

Limwagie maji, mjomba. Ukiona vidole vidogo, mpe Twalib. Hata kama napo vinaishia, mpe.

Nisalimie Mama Felicitas na Wilbert. Mungu awakinge na miamba inayoporomoka.

Mpwa wako anayekupenda sana,
Brightson