Fundi Cherehani Niliyemtungia Maneno

Chumba cha juu, nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Jumamosi, tarehe 14.

Mpendwa Dada,

Shikamoo, na pole kwa majukumu. Shemeji hajambo? Mapacha nao, bado wanagombania kiti cha dirishani? Goti lako je? Ulisema zamu za wodini zinakusimamisha kutwa nzima mpaka linavimba. Likande kwa maji ya moto, usijifanye chuma. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu, ila usingizi umenihama, na sababu yake utaisoma humu humu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umefurahi kumwona mama yako gazetini, yule fundi cherehani wa makamo wa mtaa wa nyuma ya kiwanda, anayesema siku hizi anashona mlango ukiwa wazi kwa sababu harufu ya mfereji imekwisha. Umewasomea mapacha, umewaonyesha wenzako wodini, na umeacha kumsumbua ahame, maana kifua chake sasa kitapona. Dada, kama umesimama, kaa. Shangazi, mama yako, hakusema maneno yale. Harufu ipo pale pale. Maneno yale niliyatunga mimi.

Unajua naitwa afisa uhusiano, lakini hujawahi kuniuliza nahusiana na nani. Nahusiana na magazeti. Kiwanda kikifanya jambo, mimi naliandikia taarifa, naitia kichwa cha habari, naambatanisha picha, naituma kwa wahariri. Ndani yake lazima meneja awe amesema kitu. Tangu niajiriwe hajawahi kusema hata sentensi moja kati ya hizo anazosema magazetini. Naziandika mimi, yeye anatia sahihi, na kesho yake anafunua gazeti na kujisifu jinsi alivyosema vizuri.

Saa ya kutuma naijua kama ninavyoijua saa ya chai. Saa nne asubuhi, wahariri ndio kwanza wametoka kwenye kikao chao, kurasa ziko wazi, na waandishi hawana hata gari la kuwatoa mlangoni. Mwenye njaa ukimletea chakula kilichoiva haulizi kimepikwa jiko gani. Nilikuwa najivunia sana jambo hilo, tena kwa sauti. Si unanijua.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita kiwanda kilifunika mfereji wake wa maji machafu kwa mifuniko ya zege. Kazi ilikuwa nzuri, sikatai, ila mifuniko iliishia kwenye kona, hatua ishirini kabla ya baraza ya mama yako. Pale kwake mfereji uko wazi kama zamani, tena sasa harufu yote ya huku juu inatokea hapo hapo. Meneja alitaka taarifa itoke siku ileile. Nikaandika. Akaisoma, akasema, weka na mkazi, magazeti yanapenda mkazi. Nikaandika kwamba mkazi mmoja ameshukuru. Ikarudi mezani kwangu na wino mwekundu pembeni: "Mkazi gani huyu hana sura? Mpe sura."

Nikampa sura. Nikampa cherehani, umri wa makamo, na mlango ulio wazi. Naapa sikumfikiria Shangazi. Nilikuwa natafuta tu mtu wa kupendeza, na mkono ukaenda wenyewe kwa mtu niliyemwona akishona tangu niko darasa la tatu, aliponichukua na kunilea pamoja nawe. Mtaa mzima ule una fundi cherehani mmoja. Hilo halikunijia kichwani mpaka maji yalipokwisha kumwagika.

Kesho yake magazeti matatu yalitoa maneno yangu yaleyale, mpaka koma zangu. Moja likaongeza lake, kwamba fundi huyo alisema hayo "akizungumza na mwandishi wetu". Redio ikasoma saa saba mchana. Meneja akanipigia kunipongeza, nami nikakata vipande vya magazeti kwa mkasi na kuvipanga kwenye faili nikiimba.

Siku ya tatu Shangazi alikuja kwangu. Gazeti alilifunga ndani ya kitambaa cha mteja, kama mtu aliyeficha kitu cha wizi. Akakaa, akalifungua mezani.

"Chiriku," akasema, "wewe unawajua watu wa magazeti. Nitafutie huyo mwandishi niliyezungumza naye. Nataka aniambie siku hiyo nilikuwa nimevaa nini."

Ndipo nikayajua mengine. Wakazi walikuwa wamepeleka ombi kwa afisa afya, sahihi arobaini na moja, na sahihi ya kwanza ni ya mama yako. Alizunguka mlango kwa mlango kuwashawishi. Mimi hakuniambia hata siku moja, kwa sababu aliona haya kunitamkia kwamba kiwanda kinachonilisha kinanuka. Basi afisa afya aliposoma gazeti alifunga faili. Aliwaambia wakazi kuwa fundi wao mwenyewe ameshatoa ushahidi kwamba harufu imekwisha, wanataka nini tena?

Mtaa ukamgeukia. Wengine walisema amehongwa katoni ya sabuni. Akijitetea, wanamjibu kwamba lisemwalo lipo, na hili halikusemwa tu, limeandikwa. Jirani wa mlango wa pili, yule mama mpika maandazi, alikuja kuchukua sare ya binti yake ikiwa na mkono mmoja tu. Mkono wa pili aliubeba kwenye mfuko.

Na mimi nilifanya nini? Nilimwambia, "Nitaulizia, Shangazi," nikamtilia chai. Siku nane, Dada. Kila jioni akitoka sokoni anapita chini ya dirisha langu na kuuliza, "Umempata?" Nami nachungulia na kujibu bado. Nilimtazama usoni mwanamke aliyenifundisha kushika sindano, nikamdanganya mara nane. Naona aibu hata kuandika idadi hiyo.

Siku ya tisa ilikuwa Jumapili. Nilikwenda kwake adhuhuri nikakuta mlango umefungwa, taa imewashwa mchana kweupe, na cherehani inalia. Nikafurahi, nikadhani wateja wamerudi. Kumbe alikuwa anafumua gauni lake la zamani na kulishona tena palepale lilipofumuliwa. Alikuwa anataka majirani wasikie ana kazi. Akishona kidogo anakohoa, akishona kidogo anakohoa. Nilishindwa. Nikamwambia yote nikiwa bado nimesimama mlangoni, kiatu kimoja nimevua, kimoja sijavua.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Mguu wake uliendelea kukanyaga mpaka uzi ukakatika.

"Kutoka ofisini kwako mpaka hapa ni dakika ngapi?"

"Kumi, Shangazi."

"Ungekuja kuniuliza. Ningekwambia. Mimi nilinyamaza lini?" Kisha akalishika lile gauni, akasema, "Kikulacho," na hakumalizia. Akaanza kutafuta tundu la sindano.

Mstari huu nimeuongeza pembeni baadaye: hapa chini kuna maneno niliyoyakata kwa wino. Usihangaike kuyasoma kwenye mwanga, nitakueleza mwishoni.

Jumatatu nikaenda kwa meneja nikamwomba tukanushe. Alicheka kwa upole, akaniuliza kama naumwa. Barua yenye nembo ya kiwanda, akasema, haitatoka kusema kiwanda kinanuka. Nikaenda kwa mhariri. Akanijibu kuwa habari waliipata kwetu, kwa hiyo kanusho nalo litoke kwetu, tena kwenye karatasi yenye nembo. Nikajikuta nazunguka kama punda wa kinu.

Pale gazetini nikamwona mwandishi wa ile habari. Sisi humwita Kalamu Mbili, kwa kuwa moja siku zote imeisha wino. Mtu mzima, mpole, anaandika habari sita kwa siku. Nikamuuliza, wewe ulizungumza naye lini? Akatazama viatu vyake. Akasema maneno yale huandikwa tu, kama vile watu wanavyoandika "Mpendwa" kwenye barua hata kwa mtu wasiyempenda. Nilitaka kumkaripia nikakumbuka ni mara ngapi nimeandika "alisema meneja kwa furaha", na meneja yuko chumba cha pili ananuna. Nikampa mkono, nikaondoka.

Nimelifikiria sana jambo hili, Dada. Zamani nilidhani uongo wa gazetini unapikwa na watu wabaya waliojifungia mahali. Huu hatukujifungia popote. Mimi niliandika nikijua mhariri atahakiki. Mhariri alichapa akijua mimi nimeshahakiki. Afisa afya alisoma akijua sote wawili tumehakiki. Nawe uko mbali, ukasoma ukamwamini mama yako. Kila mtu alimwamini mwenzake vizuri kabisa, na hakuna hata mmoja aliyetembea dakika kumi. Siku hizi nikikutana na "mkazi mmoja" gazetini namtafutia miguu.

Na jambo linaloniuma ni kwamba si taarifa yangu ya kwanza. Nina faili nne zimejaa. Humo ndani wako wazazi wenye shukrani, wafanyakazi wenye ari, vijana wenye matumaini. Sikumbuki hata mmoja niliyemsalimia.

Jumatano nikachukua ile rasimu yenye wino mwekundu wa meneja, nikaipeleka kwa afisa afya. Aliisoma akiwa amesimama, halafu akaketi akaisoma tena. Alikasirika, ila nadhani alijikasirikia na yeye pia. Faili ameifungua upya, na Jumanne atakuja mwenyewe kusimama kwenye kona ile. Ameniahidi safari hii atatumia pua.

Alhamisi alasiri wakazi walikutana kwenye darasa la shule ya msingi, wamejibana kwenye madawati ya watoto. Niliomba nafasi. Niliegemea ubao, chaki ikanijaa mgongoni. Nikawasomea rasimu, nikawaambia fundi wao hakusema neno lolote, niliyesema ni mimi. Kisha mama wa maandazi akauliza kutoka nyuma, "Na wewe ulihongwa nini?"

"Mshahara," nikajibu.

Walicheka baadhi, si wote. Mama yako alikuwa dawati la mbele na hakunitazama. Jana asubuhi kazini nikakuta barua mezani: nina siku saba za kujieleza kwa maandishi kwa nini nisifukuzwe. Kwa mara ya kwanza nitaandika maneno yaliyosemwa na mimi, kuhusu jambo nililofanya mimi. Usinionee huruma. Nikifukuzwa, nitajua nilifukuzwa kwa lipi.

Sare ya yule binti imerudi jana jioni na mkono wake. Shangazi ameushona. Wateja wengine bado hawajaja, na wengine huenda wasije. Nakuandikia kama ilivyo.

Lakini nawe usikae, Dada. Anza tena kumsumbua kuhusu kifua. Bado anakohoa. Mwandikie ahamie kwangu hata kwa mwezi mmoja. Mimi siwezi kumsihi sasa hivi, sina uso.

Nisalimie sana shemeji. Mapacha wabusu, na uwaambie wasiamini kila kitu cha gazetini, hata maneno ya bibi yao. Mjomba mtengeneza saa akikupigia, mwambie ile yangu imesimama tena. Binamu dereva nasikia amepata mtoto wa kike. Nampa hongera, na Mungu amkuze.

Jambo la mwisho. Barua hii nimemsomea mama yako asubuhi hii, neno kwa neno, kabla ya kuifunga. Nimejifunza. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Alinikatiza mara mbili tu. Mara ya kwanza ni pale niliposema alikuwa anakohoa; alitaka uandikiwe kuwa hakukohoa hivyo. Nimekataa, maana nilisikia kwa masikio yangu. Mara ya pili ni pale chini ya gauni. Nilikuwa nimeandika, "Lakini amenisamehe." Akainua mkono.

"Hapo kata," akasema. "Sijasema hivyo."

Nimekata mbele yake. Kisha nikamuuliza, basi niandike amesema nini? Akavuta uzi uliokuwa kwenye sketi yangu, akasema: "Andika harufu ipo, mlango nimefunga. Na andika kwamba leo umekuja kuniuliza."

Ndivyo alivyosema, Dada, na ndivyo nilivyoandika.

Mungu akulinde ugenini, akupe afya wewe na wote walio chini ya paa lako, na atukutanishe tukiwa wazima.

Wako akupendaye, na neno hili silitumii kwa mazoea,

Mdogo wako,
Chiriku.