Nani Alimchagulia Walter Turbo

Aoko, uko hapo? Nimejificha jikoni na simu.

Unamkumbuka Rehma, yule aliyekuwa akiuza spea mjini? Amekuja kututembelea hapa Nyamasaria. Ameniletea hata dawa ya magoti, sikatai, ni mtu mwema.

Sasa wajukuu wakamuuliza babu yao Walter habari za lile lori letu la dizeli, la kuvuta magari yaliyokwama. Akasema, "Ile turbo yake, ya kusukumia injini hewa ipate nguvu, alinichagulia Rehma."

Rehma! Tena akamtazama akatabasamu. Alitabasamu, Aoko!

Ni mimi niliyechagua! Mwaka wa tisini na mbili, mbele ya kaunta ya Rehma. Walter alitaka ile kubwa kabisa. Nikamwambia, "Baba Owiti, kule Ahero unavuta polepole kwenye matope. Kubwa itachelewa kuamka na kutoa nguvu. Chukua ya kati." Nilijua kwa sababu kila mafuriko ya Ahero nilikaa naye ndani ya lori, nikisikiliza injini ikilia.

Alinichagulia Rehma! Nina wivu, na umri huu wangu.

Rehma mwenyewe ndiye aliyesema, "Baba Owiti, acha uongo. Mimi nilitaka kukuuzia ile kubwa. Mama Owiti ndiye aliyekukataza."

Walter akasema, "Kumbe?"

Kumbe, Aoko! Miaka thelathini, kumbe!

Sasa ninagawa samaki. Kichwa, kipande cha heshima ambacho siku zote ni cha Walter, nimempa Rehma. Walter atakula mkia.