Kichwa cha Baba Wakesho

Jumatatu, 13 Januari

Nimetoka kazini Skärholmen, nikapitia karakana ya Amparo huko Farsta. Kutoa nailoni. Kutoa vitambaa, kuvilowesha, kuvikamua, kuvirudisha. Paji la uso, mashavu, kisogo. Udongo bado laini.

Sikumtazama sana. Nikimtazama sitoki.

Amparo bado hospitalini, hali ileile. Mkono wa kulia umekufa tangu alipoanguka kabla ya Krismasi. Mchonga sanamu bila mkono wa kulia. Na mume wangu, Baba Wakesho, alikuwa ameshatangulia Novemba, moyo, yuko juu ya ngazi anabadilisha taa katika jengo lilelile alilolitunza. Sikuwepo. Kichwa chake cha udongo ndicho kilichobaki, na ufunguo wa karakana ninao mimi.

Alhamisi, 16 Januari

Hospitali. Amparo anasema Kiswidi cha Hispania, mimi cha Voi. Tunaelewana.

Amekubaliana na fundi wa plasta. Atakuja Jumanne tarehe 28 kuchukua umbo la kichwa. Baada ya hapo hata udongo ukibomoka si kitu, kichwa kitamwagwa shaba. Kabla ya hapo usikauke. Ukikauka unapasuka, kwa sababu ndani kuna chuma na chuma hakisinyai. Aliyarudia maneno hayo kama ninavyorudiwa dozi za wazee ninaowatunza kazini.

Nilimuuliza, akipona mkono, anaweza kutengeneza kingine kwa picha? Picha ninazo nyingi. Akatikisa kichwa. Hajawahi.

"Picha haina kisogo," alisema.

Ni kweli. Mimi nilikijua kisogo cha mume wangu kuliko uso. Mikunjo miwili, na kovu dogo la wembe wa kinyozi.

Baba yake Amparo alikuwa mfyatua vigae, kijiji cha milimani huko Hispania. Amparo alianza kufinyanga kwa mabaki ya udongo wa vigae. Alikuja Stockholm akimfuata mwanamume, mwanamume akaondoka, yeye akabaki na gereji ya kupanga. Akaifanya karakana. Vichwa tu, maisha yake yote, na vya watu wa kazi tu. Kuna dereva wa basi wa shaba mlangoni mwa shule huko Hjulsta. Watoto wanamsugua pua hadi inang'aa.

Alipomwomba Baba Wakesho akae amfinyange, mume wangu alicheka wiki nzima. Akakaa. Akawa anasinzia kitini, Amparo anamrushia maji ya udongo aamke.

Jumapili, 19 Januari

Kanisani Mama Njeri akaniuliza mbele ya wote kama nimeshamwagilia mume wangu leo. "Wewe unamwagilia mume kama sukuma wiki." Wakacheka. Nami nikacheka. Mama Njeri ndiye aliyelala kwangu siku zile za msiba, ana haki ya mzaha.

Baada ya ibada nikaenda Farsta. Ufa. Mwembamba kama unywele, nyuma ya sikio la kushoto.

Kipasha joto kiko karibu mno na meza, na meza siwezi kuisogeza. Nikakizima kabisa. Nyanya yangu alikuwa akificha vyungu vibichi chini ya magunia siku za jua kali, sisi watoto tumekatazwa hata kufunua. Kwetu kinachoua ni jua. Nikaongeza kitambaa, nikaongeza maji.

Jumatano, 22 Januari

Ufa umezibika. Nilipapasa mara nyingi, haupo.

Mle ndani baridi, sikuvua koti. Nikamwambia, vumilia kidogo, Baba Wakesho, Jumanne si mbali. Niliongea kwa sauti. Tangu Novemba leo ndiyo mara ya kwanza nimesikia njaa.

Jumamosi, 25 Januari

Theluji, na baridi ya kuuma meno. Wakesho amekuja kulala nyumbani. Nilipovaa viatu vya kwenda Farsta akanizuia. Alisema kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba nimechoka, kwamba baba hayuko kule kwenye gereji, kwamba picha tunazo. Anafanana na baba yake anapokunja uso.

Nimevua viatu. Vitambaa nililowesha sana jana. Unyevu wake utafika Jumatatu.

Jumatatu, 27 Januari

Vitambaa vilikuwa vigumu kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa. Vilitoka na udongo.

Chini yake barafu. Nyeupe, imechipua ndani ya mashavu, imeyapasua kutoka ndani. Nilisimama. Kisha nikafungua kipasha joto. Sikujua la kufanya lingine. Barafu ikaanza kuyeyuka na uso ukaanza kuteleza. Pua kwanza. Nikaishika kwa viganja vyote viwili, ikapita katikati ya vidole kama uji.

Nimeishi nchi hii miaka yote hii. Nafunga mabomba yasigande, nawavisha wazee soksi juu ya soksi. Kwa udongo nilifikiria jua tu.

Jumanne, 28 Januari

Fundi wa plasta alikuja na magunia yake. Alitazama meza, akavua kofia. Hakunilaumu. Akaniuliza kama kipasha joto kiliharibika. Nikasema nilikizima. Akarudisha magunia garini.

Ijumaa, 31 Januari

Nimemwambia Amparo.

Alifumba macho. Kisha akauliza, "Kisogo?"

"Hata kisogo, dada."

Nilitaka anigombeze. Badala yake akanisimulia kwamba baba yake aliwahi kupoteza vigae vyote vibichi kwa baridi ya usiku mmoja, na mzee yule alizaliwa katika baridi ileile. Akasema kosa ni lake, aliniambia habari ya kukauka tu. Haikunisaidia.

Mkono wa kushoto ukatoka chini ya blanketi. Dole gumba likasukuma hewani, hivi, hivi, kama anaweka shavu la udongo. Mara chache tu. Likakoma. Sote wawili tuliliona likikoma.

Wakesho alinipigia baadaye. Nilipomweleza alilia, na alilia kwa Kiswahili. "Mama, pole. Mama, ni mimi nilikuzuia." Nikamwambia hapana. Sijui kama ni hapana.

Jumapili, 9 Februari

Dada yake Amparo amekuja kumchukua. Wanarudi kijijini. Gereji inarudi kwa mwenyewe, ufunguo niuache kesho. Amparo ameomba udongo urudi pipani. Ni udongo uleule tangu alipofika, kila kichwa kikishachukuliwa umbo anaurudisha. Nani atautumia sasa, hakusema.

Nikamtoa kwenye chuma kidogo kidogo kwa mkono. Nilitafuta ile mikunjo miwili. Haikuwepo. Ulikuwa udongo tu. Nikautia pipani, nikamwagia maji, nikafunika.

Nikafungua kipasha joto hadi mwisho. Hakuna tena cha kukauka. Nikakaa kwenye kiti alichokuwa akisinzilia Baba Wakesho. Kulipopata joto, nikavua koti.